Kamani na Mzigo wa Mwenzio

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya kitu kidogo cha chuma. Kitu hicho ni kamani, yaani waya mgumu uliozungushwa mara nyingi, ambao ukiuvuta hurefuka, na ukiuachia hurudi. Wengine huiita springi, na huku kwetu Goma wako waiitao resori, kwa kufuata Kifaransa. Imo katika kitanda na katika kufuli, imo chini ya gari na ndani ya mizani. Karibu kila mtu ameishika, lakini ni wachache walioipima.

Wanafunzi wa fizikia hupewa kazi hii mapema: pima ukakamavu wa kamani. Kwa nje yaonekana ni kazi ya kitoto, maana haitaki umeme wala chombo cha ghali. Hata hivyo twaona kwamba ndani yake mna swali ambalo sisi watu wazima hatujalijibu vizuri. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumsifu mtu kwa uvumilivu wake? Tena, ni nani mwenye haki ya kumsifu?

Twauliza haya tukiwa Mugunga, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya njia iendayo Sake. Watu wa hapa wamesifiwa sana kwa uvumilivu wao. Basi tuanze na kamani, kisha tutarudi kwa watu.

Jinsi ya kupima

Tusemapo maabara, mtu hufikiri nyumba yenye meza ndefu na vyombo vya kioo. Shule nyingi hazina nyumba kama hiyo, lakini jaribio hili laweza kufanyika uani. Piga msumari imara katika boriti ya mkaratusi. Tundika kamani yako. Chini yake ning'iniza bidoni tupu la lita 10, na kando yake simamisha ubao wenye rula. Tia alama pale kitako cha bidoni kifikapo. Alama hiyo ndiyo sifuri yako. Ikumbuke sana, maana tutaihitaji tena.

Sasa mimina lita moja ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, nasi twakaa karibu na ziwa Kivu, hivyo hatuna haja ya kununua mawe ya mizani. Tuseme bidoni limeshuka sentimita 2. Andika. Mimina lita ya pili, limeshuka sentimita 4. Andika. Lita ya tatu, sentimita 6. Hapo mwanafunzi huanza kutabasamu, kwa kuwa ameitambua desturi ya kamani: mzigo ukiwa mara mbili, kurefuka nako huwa mara mbili, mzigo ukiwa mara tatu, kurefuka huwa mara tatu.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Dunia huivuta kilo moja kwa nguvu ya newtoni 9.8. Gawanya 9.8 kwa mita 0.02, utapata 490. Huo ndio ukakamavu wa kamani yako: newtoni 490 kwa kila mita. Kamani nyingine, yenye waya mnene zaidi, labda itashuka sentimita 1 tu kwa lita ile ile. Ukakamavu wake ni 980, mara mbili ya ule wa kwanza.

Aliyeitangaza kanuni hii ni Mwingereza mmoja, Robert Hooke, aliyezaliwa mwaka 1635. Mwaka 1676 aliitoa kwanza kwa fumbo. Alichukua maneno ya Kilatini, akazipanga herufi zake kwa taratibu ya abjadi, hata mtu asiweze kuyasoma, wala mwingine asidai kwamba ndiye aliyegundua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1678, akalifumbua: kadiri kamani inavyorefuka, ndivyo ilivyo nguvu yake. Mizani zote za kamani zilizomo sokoni na zahanatini zasimama juu ya kanuni hiyo.

Lakini kazi yetu haijaisha. Endelea kumimina. Lita ya nne yashusha hadi sentimita 8, ya tano hadi 10, ya sita hadi 12. Lita ya saba ingepaswa kuleta 14, lakini rula yaonyesha 15 na nusu. Lita ya nane ingepaswa kuleta 16, nayo yaleta 19.

Hapa ndipo mwanafunzi hujaribiwa. Yule mvivu, kwa kuwa aijua kanuni, huandika 14 na 16, apate mstari ulionyoka na alama nzuri. Yule mwaminifu huandika alichokiona, ingawa chamharibia mchoro wake. Kati ya wanafunzi hao wawili, ni mmoja tu aliyeipima kamani. Mwingine amenakili kitabu, na kile ambacho kamani ilikuwa ikijaribu kumwambia hakukisikia.

Tena mwalimu mzuri haishii hapo. Humwambia mwanafunzi: "Sasa toa maji yote." Bidoni lapanda, lapanda, kisha lasimama. Limesimama sentimita 3 chini ya ile alama ya kwanza. Mwanafunzi alisukuma juu kwa kidole. Likiachiwa, larudi pale pale. Chuma kimepita kikomo chake. Hakijakatika, bado chang'aa, bado chaweza kubeba, lakini hakitarudi tena pale kilipoanzia.

Basi kazi ya kupima ina sehemu mbili, kupakia na kupakua. Apakiaye tu bila kupakua hajui alichokifanya. Aweza kuwa ameipima kamani, na aweza kuwa ameiharibu; mpaka aondoe mzigo, hawezi kutofautisha.

Kurefuka si mzigo

Sasa tuje kwa watu. Tazama kamani mbili zimetundikwa, moja imerefuka sentimita 8 na nyingine sentimita 4. Je, waweza kusema kwamba ya kwanza imebeba zaidi? Huwezi, mpaka ujue ukakamavu wa kila moja. Kwa zile kamani mbili za mfano wetu, zote zimebeba lita 4 sawasawa.

Hata hivyo, katika maisha twafanya kosa hili kila siku. Katika matanga twaona wajane wawili. Mmoja alia mpaka ashikwe na wenzake. Mwingine akaa kimya, agawa chai, aulizia wageni watalala wapi. Watu husema juu ya huyu wa pili, "Huyu ana moyo wa jiwe," au, "Hakumpenda sana mumewe." Twahukumu kurefuka, tukidhani twahukumu mzigo. Hali kadhalika kwa watoto darasani. Mmoja hulia akikaripiwa, mwenzake hunyamaza. Basi huyo anyamazaye ndiye hukaripiwa kila siku, kwa kuwa haonyeshi kuumia.

Katika milima yetu ya Kivu wako akina mama wabebao mizigo mgongoni kwa kamba ipitayo katika paji la uso. Mama huyo akipanda kilima na gunia la mkaa au la mihogo, hasemi kitu, maana pumzi yake yote imo katika miguu. Nasi tupitao karibu naye twasema neno moja jepesi: "Amezoea." Neno hilo lahitaji kuchunguzwa. Maana yake mara nyingi ni kwamba sisi ndio tuliozoea kumwona. Wahenga walilijua jambo hili walipotuachia methali: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio juu ya bega la mwingine huonekana laini, tena mwepesi kama usufi wa mto wa kulalia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kamani yatufundisha ni kutohukumu kwa macho. Yeye akaaye wima chini ya mzigo hatuambii kwamba mzigo ni mdogo. Labda atuambia tu kwamba yeye ni mkakamavu. Na kamani kakamavu nayo ina kikomo chake.

Mizani iliyopoteza sifuri

Iko mizani moja ambayo akina mama wengi wa Mugunga waijua. Ni ile ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo kama saa, ipimayo hadi kilo 25, na kila kistari chake ni gramu 100. Mtoto mchanga huvalishwa suruali ya kupimia, hutundikwa, hulia, na mshale huzunguka. Ndani yake mna kamani, nayo yafuata kanuni ile ile ya Hooke. Uzito huo, ukilinganishwa na urefu wa mtoto, huonyesha kama amekonda kiasi cha kuhitaji chakula cha matibabu.

Sasa fikiri mtu ameazima mizani hiyo akapimia gunia zito la maharagwe. Kamani imepita kikomo. Kesho yake mshale haurudi sifuri, wasimama penye gramu 300. Mtoto mwenye kilo 6 na gramu 800 atasomwa kuwa na kilo 7 na gramu 100. Katika karatasi ameonekana ana nafuu, ilhali mwilini ana njaa. Angalieni jambo hili vizuri: kamani iliyovutwa kupita kiasi haikosei huku na huku. Yaelekea upande mmoja, ule wa kusema kwamba aliyekonda hajambo. Ndiyo maana wapimaji hufundishwa kuutazama mshale kabla ya kumtundika mtoto, na kuijaribu mizani mara kwa mara kwa kitu chenye uzito unaojulikana.

Twadhani hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu. Aliyevutwa muda mrefu kupita kikomo chake hupoteza sifuri yake. Haumii tu, hupoteza hata kipimo cha maumivu. Mtoto aliyelelewa kwa fimbo kila siku, akiwa baba, humchapa mwanawe na kuona kwamba amemchapa kidogo. Mke aliyetukanwa miaka 10 humwambia binti yake anayetukanwa, "Vumilia, hayo si kitu." Mtu aliyelala usiku mwingi akisikia mizinga, huja akaamka asubuhi na kusema, "Leo kumetulia," kwa kuwa risasi zilikuwa chache. Hasemi uongo. Mshale wake ndio uliosimama mahali pengine, naye asoma kuanzia hapo.

Mizigo ya Mugunga

Hebu tuorodheshe, kama mwanafunzi aandikavyo lita moja moja.

Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya halaiki ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Goma kwa siku chache, na kambi moja kubwa ikawa hapa Mugunga. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Yakadiriwa kwamba watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Ardhi ya hapa ni mawe yaliyomwagwa na volkano, wala haichimbiki kwa jembe. Kuchimba choo kulikuwa taabu, na kuchimba kaburi vilevile. Novemba 1996 kambi ikavunjwa kwa vita, wengi wakarudi Rwanda, wengine wakakimbilia magharibi hata misituni.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ukatapika moto, ukapita katikati ya mji wa Goma. Mwaka 2008 vita vya Rutshuru na Masisi vikaleta wakimbizi wapya katika kambi za Mugunga, na safari hii walikuwa raia wa Kongo katika nchi yao wenyewe. Novemba 2012 kundi la M23 likautwaa mji wa Goma kwa siku chache. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ukatapika tena, na siku chache baadaye watu waliamriwa kuhama. Njia hii ya Sake ikajaa akina mama, magodoro na mbuzi. Kisha vita vikaanza upya, na tangu mwaka 2023 mahema yakafunika tena mawe meusi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaanguka juu ya mahema hayo, yakaua watu, na watoto wakiwamo. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 ikauteka tena mji wa Goma, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka, ingawa wengi nyumba zao zilikuwa zimekwisha kuchomwa au kuporwa.

Hizo ndizo lita. Sasa twauliza: baada ya kila lita, ni nani aliyepakua? Ni nani aliyetoa maji yote, akasimama, akatazama kama bidoni limerudi penye alama? Mara nyingi lita moja ilikuwa haijatoka, nyingine ikamiminwa.

Wageni wengi waliokuja kutusaidia, na wakubwa wengi waliokuja kutuhutubia, wana neno walipendalo: ustahimilivu. Neno lake katika lugha za Ulaya, tangu mapema karne ya 19, lilitumiwa na wahandisi walipopima mbao na vyuma. Maana yake ilikuwa kiasi ambacho kitu chaweza kustahimili na bado kikarudi katika umbo lake. Twaombwa tukumbuke sehemu hiyo ya mwisho. Mhandisi hakuisifu mbao kwa sababu haijavunjika. Aliisifu kwa sababu imerudi. Na ili ajue kwamba imerudi, ilimpasa kwanza auondoe mzigo. Mtu awezaje basi kuwasifu watu kwa ustahimilivu, ilhali mzigo bado uko juu yao? Alichokiona ni kwamba hawajakatika. Hilo ni jambo jingine.

Je, twafundisha manung'uniko?

Labda msomaji mmoja atatuambia: "Ninyi mwataka kutufundisha manung'uniko. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, na subira yavuta heri. Mtu asiyeweza kubeba kitu ni mtu gani?"

Msomaji huyo ana haki, nasi twamjibu kwa heshima. Uvumilivu ni jambo jema kweli. Kamani isiyobeba kitu haina kazi, yakaa sandukuni na kuota kutu. Tena twakumbuka kwamba katika lita sita za kwanza kamani haikudhurika hata kidogo. Mzigo ulio ndani ya kikomo haumharibu mtu. Wampa kazi na heshima. Kijana aamkaye alfajiri kusukuma chukudu ya viazi, mwanafunzi arudiaye hesabu ngumu mara tano, msichana amuuguzaye bibi yake, hao hatuwahurumii. Twawaheshimu.

Zaidi ya hayo, mtu si chuma. Chuma hakichagui, mtu huchagua. Mama akeshaye na mtoto mwenye homa, akijua kwamba kesho atalima bila kulala, ameupokea mzigo huo kwa hiari ya upendo, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumnyang'anya heshima hiyo kwa kumwambia, "Wewe umeonewa tu." Uvumilivu wake ni mali yake.

Lakini hapo hasa ndipo jibu letu lilipo. Kama uvumilivu ni mali yake, basi hauwi mali yangu mimi niliyempakia. Akimsifu jirani aliyekuja kumsaidia kuteka maji, sifa hiyo ni tamu. Akimsifu yule aliyemwongezea gunia, sifa hiyo ni kamba ya kufungia gunia la pili. Tajiri husema, "Wafanyakazi wangu ni wavumilivu," na mshahara wacheleweshwa mwezi wa tatu. Mume husema, "Mke wangu hana maneno," na hamwulizi kwa nini hana maneno. Mkubwa husema, "Wananchi wetu ni hodari," kisha apanda gari. Twaweza kuipima sifa kwa njia rahisi kabisa: baada ya kusifiwa, je, mzigo umepungua? Kama haukupungua, yule aliyesifu alikuwa apakia.

Tena tukumbuke alama ambayo kamani yatoa kabla ya kuharibika sana. Lita ya saba ilileta zaidi ya ilivyopaswa. Mtu naye hutoa alama ya namna hiyo. Yule aliyekuwa akicheka mbele ya taabu kubwa, sasa afoka kwa sababu sahani imeanguka. Yule mwalimu mpole ghafula ampiga mtoto kwa kosa dogo. Kijana aliyekuwa akisimama imara alia kwa neno moja la mzaha. Sisi husema, "Kwa jambo dogo hivi!" Jambo ni dogo kweli, lakini ni lita ya saba. Ajuaye kupima hushangaa kidogo, kisha hutazama ni lita ngapi zilizotangulia. Asiyejua huandika 14, yaani hujifanya hakuona.

Kamani mbili

Limebaki jaribio moja, nalo twaona ndilo la maana kuliko yote. Chukua kamani mbili zilizo sawa. Waweza kuzitundika kwa namna mbili.

Namna ya kwanza, tundika moja, kisha ya pili iitundike chini ya hiyo ya kwanza, na bidoni liwe chini kabisa. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa kamani ni mbili, kila moja itabeba nusu. Pima, utaona sivyo. Kwa lita 4, ile ya chini yarefuka sentimita 8, na ile ya juu yarefuka sentimita 8 vilevile. Kila moja imebeba mzigo wote. Kupokezana kwa namna hiyo hakukupunguza hata gramu moja. Bidoni limeshuka sentimita 16 badala ya 8.

Namna ya pili, zitundike bega kwa bega, kila moja penye msumari wake, na bidoni liwe kati yao katika kijiti kimoja. Sasa kila moja yarefuka sentimita 4 tu. Kila moja imebeba nusu, na mzigo ambao ungeipitisha moja kikomo chake wabebwa na mbili bila madhara.

Katika nchi yetu mizigo mingi hubebwa kwa namna ya kwanza. Kwa miaka mingi serikali haikumlipa mwalimu vya kutosha. Mwalimu akamgeukia mzazi, na wazazi wakalipa sehemu ya mishahara ya walimu kutoka mifukoni mwao, mpaka mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulipoanza mwaka 2019. Mzazi aliyekosa fedha alimgeukia binti yake mkubwa, akamwachisha masomo auze ndizi njiani. Kila mmoja alimning'inizia mwenzake aliye chini yake, na kila mmoja alidhani ameugawa mzigo. Haukugawanyika. Ulishuka wote mzima mpaka kwa yule wa chini kabisa, ambaye hana wa kumning'inizia.

Lakini hapa hapa tumeiona na namna ya pili. Si wakimbizi wote waliokaa katika mahema. Wengi walipokewa katika nyumba za watu wa Goma, nyumba za mbao zenye vyumba viwili, ambamo jamaa moja ilikula mara mbili kwa siku. Walipofika wageni, wote wakala mara moja. Mwenyeji hakutoa hotuba juu ya ustahimilivu wa wageni wake. Alisogeza mkeka. Yeye ndiye aliyesimama bega kwa bega, penye msumari wake mwenyewe, na kijiti kikakaa sawa.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Ndiyo, ni haki kumsifu mtu kwa uvumilivu wake, lakini haki hiyo ni ya yule aliyetia bega lake chini ya mzigo, au aliyeupunguza. Mwingine yeyote yampasa kwanza anyamaze, na aulize.

Wapenzi wasomaji, hatuwezi sisi na ninyi kuvizima vita wala kuufunga mdomo wa Nyiragongo. Lakini kila mmoja wetu anaye mtu chini yake ambaye amemning'inizia kitu: mke, mtumishi, mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma, mwanafunzi, mama mzee. Leo jioni, kabla ya kumwambia kwamba yeye ni mvumilivu, mpunguzie lita moja. Kisha kesho umtazame vizuri, uone kama amepanda hata kidogo kuelekea ile alama ya kwanza.